Kisima cha kwa Masanja

Ilemela, Jumapili jioni

Kabula mwanangu,

Hali yako siiulizi, maana nakusikia hapo chumbani ukifunga mizigo na kuimba ule wimbo wa kwaya ambao hujawahi kufika ubeti wa tatu. Mimi niko barazani na daftari. Nimekuambia naandika orodha ya vitu vya kukumbuka. Nimekudanganya. Vitu vya kukumbuka unavijua kuliko mimi. Habari za malaria na maji ya kuchemsha utawafundisha wengine, ndiyo kazi uliyosomea. Habari za wanaume mama yako alikumalizia zote kabla hajatuacha, na alizisema vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi. Hapo sina la kuongeza.

Naandika kwa sababu ya ile picha. Leo mchana uliishusha pale sebuleni, ukapangusa kioo kwa upindo wa khanga, ukaniuliza, "Baba, naweza kwenda nayo?" Nikasema chukua. Ukafurahi, ukasema utaitundika pale mnapokutana na wenzako huko Sengerema, ili wajue umeyatoa wapi haya mambo ya kujitolea. Nikatoka nje haraka kwenda kuangalia kuku, ambao hawakuwa na shida yoyote.

Unaijua picha ile kwa kichwa. Mimi na suti yangu ya kijivu, nimeshika mkono wa pampu, maji yanaruka. Mgeni rasmi anacheka. Wanawake watatu wameinama na ndoo zao. Ulikuwa darasa la sita ilipoletwa nyumbani, ukaipeleka shule kuwaonyesha wenzako, na tangu siku hiyo ukaamini baba yako ni mtu mkubwa aliyewapa watu maji.

Watu wanaonisifu wamebaki wachache, Kabula. Kusema kweli umebaki wewe. Ndiyo maana nimekaa na jambo hili miaka yote hii, na ndiyo maana hata sasa mkono unasita. Lakini vijana wa Sengerema, waliokuona ulipokuwa kule kwa mafunzo, wamekuchagua kuwa mwenyekiti wa klabu yao kabla hata hujavuka ziwa kwa kivuko cha Kamanga. Na wiki hii umewaambia wageni mara tatu, mimi nikiwa nimekaa pale nikisikia, kwamba utaongoza kama baba.

Usiongoze kama baba. Acha nikueleze, halafu uamue mwenyewe kama bado unanitaka ukutani.

Klabu yetu ya Mkono kwa Mkono ilianzishwa na Mzee Salehe, yule muuza vipuri vya baiskeli aliyekuwa akikupa kengele mbovu za kuchezea. Tulikuwa walimu, makarani, wafanyabiashara wadogo, na mafundi kama mimi. Tulikutana kila Alhamisi jioni katika darasa la shule ya msingi. Tulizibua mitaro ya sokoni kabla ya masika, tukatengeneza vitanda vya zahanati, tukakusanya nguo kwa waliounguliwa nyumba. Kazi za taratibu, zisizopigwa picha.

Mzee Salehe alikuwa na desturi yake moja iliyonichosha sana. Kabla ya kazi yoyote alikwenda kwa wale tuliotaka kuwasaidia, akakaa. Hakuondoka mpaka ameletewa chai mara mbili. Alisema chai ya kwanza ni ya adabu, ya pili ndiyo yenye maneno. Kwa hiyo jambo la wiki moja lilichukua miezi miwili, na mimi nilikuwa nikitikisa mguu chini ya dawati kwa hasira.

Nilikuwa na sababu ya hasira, ingawa haikuhusiana na chai. Wakati ule wa ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu, kila kitu kilikuwa kinabadilika. Wanunuzi binafsi walikuwa wananyemelea pamba, ushirika unayumba, na kiwanda cha kuchambua pamba nilichokitumikia tangu ujana kikatupunguza. Niliondoka na cheti na mkono wa kwaheri. Jumatatu iliyofuata nilivaa nguo za kazi, nikafika mpaka barabarani, ndipo nikakumbuka. Mama yako alikuwa ananitazama dirishani. Mtu aliyekuwa akiitwa "fundi mkuu" na watu wazima, sasa haitwi na mtu yeyote. Basi klabu ilipotangaza uchaguzi, nikautaka uenyekiti kwa njaa ambayo sikuwahi kumkiri mtu.

Niliomba kura kwa kuuliza swali moja: "Tumechimba visima vingapi?" Jibu lilikuwa hakuna hata kimoja. Watu wakacheka, wakanichagua. Mzee Salehe alinipa mkono wake wa kushoto na wa kulia pamoja, akasema, "Hongera, Mwenyekiti. Sasa wazungukie wanachama majumbani kwao, ukae nao kidogo."

Nikamjibu, "Mzee wangu, nitawaita kikaoni."

Akatabasamu. "Inshallah," akasema, akaenda zake.

Katibu wangu alikuwa Bi. Adela. Unamkumbuka, mwalimu wa Kihaya, mrefu, aliyekuwa akikuletea senene kila akitoka kwao Bukoba. Yeye ndiye aliyeandika barua zilizotupatia wafadhili wa kisima. Wafadhili walikuwa watu wema, lakini walitaka kisima kiwe kimekamilika na picha imepigwa kabla mwaka wao wa kazi haujaisha. Mimi nikaona hao ndio watu wa kasi yangu.

Tulichagua kijiji kimoja mbele ya Magu, ambako wanawake walikuwa wanateka maji kwenye lambo pamoja na ng'ombe. Tulifika saa nne asubuhi na gari la wafadhili. Serikali ya kijiji ikatupokea vizuri. Nikauliza nani atatoa eneo. Mzee mmoja tu aliyekuwa amesimama peke yake nyuma kabisa akanyoosha mkono. Ndiye Mzee Masanja. Alisema atatoa kipande cha shamba lake bure, hata leo. Nikauliza kama eneo lina mgogoro wowote. Mwenyekiti wa kijiji akatazama viatu vyake, akasema, "Eneo halina mgogoro." Nikaandika: halina mgogoro.

Tukaenda kuliona. Masanja alitupokea kana kwamba tumefufuka. Alitoa viti vyote vya nyumba, akatuchinjia kuku, akatushika mikono hakutaka kuiachia. Nami nikaona njia ya kuingia kwake imeota majani, Kabula. Mimi Msukuma, mtoto wa Msukuma, nimeona mji wa mtu mzima katikati ya kijiji, na njia yake imeota majani mpaka magotini. Bibi yangu angegeuka palepale. Mimi nilimwambia Bi. Adela, "Hapa pametulia, pampu haitaharibiwa na watoto."

Tukiwa njiani kurudi mjini, Bi. Adela akasema, "Mwenyekiti, mimi sijaridhika. Wale wanawake hawakututazama usoni. Tukalale pale hata siku mbili."

Nikasema hakuna muda. Akanifuata tena kikaoni na jambo lilelile. Wanachama wakaanza kuguna, wengine wakaona ana hoja. Nikawanyamazisha, nikamwambia, "Hilo usiliandike kwenye muhtasari, wafadhili watasoma wavunjike moyo." Akanitazama kidogo. Hakuliandika, kwa sababu mimi nilikuwa mwenyekiti na yeye alikuwa mtu wa utaratibu.

Kumbe Masanja alikuwa ametengwa. Miaka miwili kabla, ng'ombe wa jirani yake waliibwa, yowe likapigwa, kijiji kizima kikatoka na silaha. Yeye hakutoka. Aliugua kweli au aliogopa, au alikuwa na kinyongo na jirani, mpaka leo sijui. Asiyeitikia yowe unajua hukumu yake kwetu: asisalimiwe, asiombwe moto wala chumvi, asizikiwe. Na atakayekwenda kwake, naye atatengwa. Mimi nikaenda kuwachimbia maji watu mahali ambapo wamekatazwa kukanyaga, kwa sababu yule mpweke alikuwa ndiye pekee aliyefurahi kuniona, na furaha yake nikaidhani ni ridhaa ya kijiji.

Siku ya uzinduzi mgeni rasmi alikata utepe, wanafunzi wakaimba. Nikawakaribisha akina mama wateke. Hakuna aliyesogea. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi. Mtendaji wa kijiji akawanong'oneza wanawake watatu, akawasukuma mbele karibu kwa nguvu. Wakainama, nikapiga pampu, picha ikapigwa. Hiyo ndiyo picha unayoifunga sasa hivi kwenye kitenge.

Lile lisiloonekana kwenye picha ni hili. Gari letu lilipoanza kuondoka nikageuka kupunga mkono. Nikawaona wale wanawake watatu wamesimama nje ya mpaka wa shamba la Masanja. Walizipindua ndoo zao, wakayamwaga yale maji yote chini. Mmoja akaipiga ndoo kitakoni lisibaki hata tone. Masanja alikuwa amesimama kando ya pampu anawatazama.

Niliona vizuri. Nikageuka mbele, nikamuuliza mgeni rasmi kama amependezwa na kwaya.

Baada ya miezi mitatu wafadhili walituma mtu akague. Akakuta pampu haijaguswa. Barua yao ilipokuja, kikao kilijaa kuliko siku zote, na mtu akauliza ilikuwaje hatukufanya uchunguzi. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu: "Kosa langu." Badala yake nikasema uchunguzi ni kazi ya katibu.

Bi. Adela akasimama. "Mwenyekiti anajua nilichosema."

Nikafungua jalada mbele ya watu wote. "Muhtasari hauonyeshi hivyo," nikasema.

Sitaisahau ile sauti yangu. Ilikuwa tulivu kabisa. Baadhi ya waliokuwapo walikumbuka, nikawaona wakiinamisha vichwa, lakini nani atabishana na karatasi? Bi. Adela hakulia wala hakugomba. Aliufunga mfuniko wa kalamu, akausogeza muhuri wa klabu mpaka mbele yangu, akatoka. Mzee Salehe akainuka kwa shida, magoti yalikuwa yameanza kumsumbua, akamfuata.

Nilipofika nyumbani nikamsimulia mama yako, tena kwa kujisifu kidogo. Alikuwa anachambua mchele. Akasema, "Umemwonea Adela. Kamwombe radhi leo, kesho utakuwa na maneno mengi." Nikakasirika, nikalala bila kula. Na kweli kesho yake nikawa na maneno mengi.

Wanachama hawakugombana na mimi. Afadhali wangegombana. Walianza kuwa na udhuru: mmoja mgonjwa, mwingine ana msiba, mwingine ameanza biashara ya mitumba na Alhamisi ndiyo siku ya mnada. Kufikia masika tulibaki wanne, kisha wawili, kisha mimi na muhuri. Hapa ndipo pananiuma zaidi kukuambia. Kwa karibu mwaka mzima, kila Alhamisi niliendelea kwenda. Nilivaa shati safi, nikafungua lile darasa, nikafuta ubao, nikaandika ajenda. Nikakaa hadi saa kumi na mbili. Watoto waliokuwa wakicheza mpira nje walizoea kuniona, mmoja akawa ananiita mwalimu wa madawati. Nikirudi ulikuwa ukinikimbilia mlangoni, "Baba, kikao kilikuwaje?" Nikasema kilikuwa kizuri.

Mama yako alipofariki Bi. Adela alikuja. Alikaa jikoni na wanawake siku tatu, alilala kwenye mkeka, mikono yake ikaungua kwa masufuria. Nilipita kuwashukuru waombolezaji mmoja mmoja. Nilipofika kwake nikasema, "Tunashukuru kwa kufika," vilevile kama nilivyowaambia wengine. Akasema, "Pole sana, Mwenyekiti." Hakusema kwa kejeli. Ningepiga magoti pale pale hakuna ambaye angeshangaa, kwenye msiba mtu anaruhusiwa. Sikupiga.

Mwaka jana, nilipokwenda Bariadi kwenye mazishi ya shangazi, basi letu liliharibika karibu na njia ya kile kijiji. Wenzangu wakakaa kivulini, mimi miguu ikanipeleka. Nikakuta foleni ya ndoo kwenye pampu, wanawake wanacheka, na njia ya kwenda kwa Masanja imekanyagwa hadi inang'aa. Nikaomba maji. Msichana mmoja akanipa kikombe, akapiga goti. "Shikamoo. Mgeni umetoka wapi?"

"Marahaba. Mimi mpita njia tu," nikasema.

Nikamuuliza mama mmoja kisima hiki ni cha nani. Akasema, "Cha mwalimu Adela." Kumbe alirudi peke yake, kwa miguu yake na nauli yake, akalala kwa huyo mama siku tano bila kuuliza kitu. Siku ya sita wakaanza kumwambia wenyewe. Akawa anakwenda kwa wazee wa sungusungu, wale walinzi wa kijiji waliopitisha ile hukumu, na kurudi kwa Masanja, mpaka Masanja akakubali kusimama mbele ya watu aseme alikosa, na kutoa dume la ng'ombe likaliwa na kijiji kizima, yeye akila nao. Kesho yake wakateka maji.

Nikamuuliza yule mama, "Sasa kwa nini hamkuwaambia wale waliochimba, tangu mwanzo?"

Akanitazama bila kunitambua. "Baba, wale walikuja mchana wakaondoka mchana. Utamwambia nini mtu ambaye gari lake halijazimwa?"

Masanja mwenyewe akatokea. Amezeeka, haoni vizuri, lakini yeye alinitambua kwa sauti. "Mwenyekiti!" akaita, akanishika mikono kama ile siku ya kwanza. Akaniambia kuwa mwaka ule mzima kabla watu hawajarudi, alifagia pale pampuni kila asubuhi, akisema labda leo. Akasema, "Wewe ulinichimbia maji, Mwenyekiti. Mwalimu alinirudisha kwa watu. Karibu ukae, nilete kiti."

Na unajua nilimjibu nini? Nikasema basi linaningoja. Basi lilikuwa limevuliwa gurudumu. Nilirudi nikakaa ndani yake saa tatu, pale dirishani, nikitazama ile njia, na sikuwa na nguvu za kurudi.

Baada ya siku hiyo ndipo nilimwandikia Bi. Adela. Alikwisha kuhamishiwa kwao Bukoba. Niliandika kurasa nne, nikaeleza yote, nikaomba radhi kwa maneno mazuri, niliyapenda mwenyewe nilipoyasoma. Jibu lake lilikuja baada ya mwezi. Mistari miwili: "Barua nimeipokea na nimekusamehe zamani. Ila haya ungeniambia tukiwa tumekaa."

Nimeisoma mara nyingi ile mistari. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kunijua vizuri hivyo, ukimwondoa mama yako. Maisha yangu yote nimekuwa hodari wa kusema jambo langu na kuondoka. Nikihutubia, naondoka. Nikitoa msaada, naondoka. Hata barua ya kuomba radhi niliituma kwa posta, ili nisiwepo wakati inasomwa.

Nisikuhubirie. Utakosea ya kwako, na mengine sitayajua kamwe. Ninachokuomba ni kidogo. Wakikupigia makofi upesi kule Sengerema, jua bado hujaambiwa kitu. Na ukipata katibu anayekubishia, muombe Mungu asihamishwe.

Kuhusu mimi, nitakuwa mpweke. Nalisema wazi ili usije ukalisikia kwa majirani. Nyumba hii itakuwa na sahani moja mezani na redio, na nadhani nitazungumza na redio. Usihuzunike sana kwa hilo. Sehemu kubwa ya upweke huu niliijenga mwenyewe, na si haki nikakufunga wewe humu ndani ili nisiusikie. Nenda mwanangu. Ninakupenda kuliko nilivyowahi kujua namna ya kusema.

Nilikuwa nimepanga kuichomeka barua hii katikati ya nguo zako, uikute ukiwa umekwisha vuka, mimi nikiwa huku na ziwa lote katikati yetu. Nilikwisha hata kuikunja.

Nimeikunjua. Umeacha kuimba, naona umemaliza kufunga. Sasa nitakuita uje hapa barazani, kungali na mwanga wa kusomea. Utakaa kwenye kiti cha mama yako na mimi nitakaa kwenye hiki changu, na utaisoma yote mbele yangu. Sitainuka. Ukimaliza ukaniambia maneno makali, nitayasikiliza mpaka mwisho. Ukinyamaza, nitanyamaza nawe. Ukitaka kuniuliza kitu, niulize, hata kama ni mpaka asubuhi, hata kama kivuko cha kesho kitakuacha.

Baba yako